Biokemia si makombo ya udaktari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi wa Masasi aliyeandika kwamba binti yake amemaliza Kidato cha Sita kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, hakupata alama za kumfikisha udaktari, na sasa kuna mtu amemshauri akasome biokemia. Mzazi huyo aliuliza mambo mawili: biokemia ni kitu gani, na binti anahitaji nini ili apokelewe chuoni. Kisha akamalizia, "Au ndiyo mtoto anapotezewa muda?" Swali hilo la mwisho ndilo limenikalisha mezani usiku huu. Niliwahi kulisikia sebuleni kwa kaka yangu miaka sita iliyopita, na niliona lilivyomfanya mtoto aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hapa Newala. Kazi hii nina mwaka wa 22 sasa. Ndiye ninayepima kemikali kabla mwalimu hajaingia, ninayeosha bureti, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia vimiminika, baada ya wanafunzi kutoka, na ninayekaa mlangoni siku ya mtihani wa vitendo kuhakikisha kila meza ina kila kitu. Si mhadhiri. Lakini wasichana waliopita mikononi mwangu wakaenda kusoma sayansi ni wengi, na mmoja wao ni binti wa kaka yangu.

Nianze na makaratasi, maana hayo ni mepesi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo makuu mawili yanayohusika na programu anayoomba, na pointi za masomo hayo zikijumlishwa zisipungue 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kubisha hodi; C moja na E moja pia zinatosha. Kwa fani za biokemia masomo yanayotazamwa kwanza ni Kemia na Baiolojia, na chuo kina haki ya kudai zaidi ya hapo, kwa mfano alama fulani ya Hisabati au Fizikia. Aliyepitia stashahada naye ana njia yake, kwa wastani wa GPA usiopungua 3.0 katika fani inayohusiana. Nawajua vijana waliosoma stashahada ya maabara wakapanda kwa njia hiyo, na mikono yao ilikuwa tayari.

Mwanangu yule, nikimwita hivyo kama tunavyowaita watoto wa kaka, alipata C ya Kemia, C ya Baiolojia na E ya Fizikia. Sebuleni watu waliiona E tu. Mama yake alilia kama aliyefiwa. Mimi nikachukua kalamu nikawaonyesha: 3 na 3 ni 6, na mlango unadai 4. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu tangu Kidato cha Kwanza mtoto alikuwa akiitwa "daktari" na majirani.

Jambo jingine linalowapoteza wazazi ni jina. Ukifungua mwongozo ukitafuta neno "biokemia" peke yake, unaweza kuufunga ukidhani kozi hiyo haipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya Baiolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia. Sokoine, kule Morogoro, kuna Bayoteknolojia na Sayansi ya Maabara. Ndani ya kozi hizo biokemia ndiyo uti wa mgongo, ila mlangoni haikuandikwa. Kwa wenzetu Kenya jina liko wazi: Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya Biokemia, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kule Juja wanaiita Biokemia na Baiolojia ya Molekuli. Kwao ni miaka minne baada ya Kidato cha Nne, kwetu mitatu baada ya Kidato cha Sita. Kwa hiyo mzazi asome yaliyomo, asiishie kwenye kichwa cha kozi.

Hayo ndiyo masharti yaliyoandikwa. Mengine hayakuandikwa popote, na ndiyo yanayowaangusha watoto wetu. Hapa naomba Mhariri univumilie kidogo.

Mwezi wa pili wa mwaka wake wa kwanza, binti alinipigia simu saa nne usiku. Sauti ilikuwa ya chini, nadhani alikuwa nje ya bweni. "Shangazi, wenzangu wanashika pipeti, mimi natetemeka." Nilidhani ni ile pipeti ya kioo tunayoijua hapa shuleni, ya sentimita za ujazo 20 au 25. Akaniambia hapana, hii ni kama kalamu, ina kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, na leo waliambiwa wapime mikrolita 20. Tone moja la maji linalodondoka kwenye bomba ni kama mikrolita 50. Kwa hiyo mtoto aliambiwa apime kitu kidogo kuliko nusu ya tone, akiweke ndani ya kichupa kisichozidi kifundo cha kidole, arudie mara kumi na mbili, na zote zilingane. Zake hazikulingana. Mhadhiri akatazama, akaenda meza ya pili.

Nilikosa usingizi siku ile, kwa sababu nilijua kosa limeanzia wapi. Mwaka ule alipokuwa Kidato cha Tano shuleni kwake, na sitaitaja shule, wanafunzi wa PCB hawakugusa bureti mpaka muhula wa mwisho wa Kidato cha Sita. Kemikali zilikuwa zinatunzwa "kwa ajili ya mtihani". Maelekezo ya awali ya Baraza la Mitihani yalipofika ndipo maabara ikafunguliwa, wakafanya titresheni usiku na mchana kwa wiki tatu, wakakariri kwamba rangi ikigeuka unafunga koki. Wakafaulu. C yake ya Kemia ni ya haki kabisa, aliifanyia kazi. Ila mkono haukuwa umezoea, na mkono haujifunzi kwa wiki tatu.

Sharti la pili lisiloandikwa ni hesabu. Wanafunzi wa PCB na wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, husoma somo la ziada liitwalo BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi. Ulizeni watoto wenu wanalionaje. Wengi wanaliona kama mzigo wa kubebeshwa, wanatoroka kipindi, wanasema "sisi ni watu wa Baiolojia". Na walimu wengine nao hulipanga saa nane mchana, darasa limechoka. Lakini ndani ya BAM kuna logi, yaani logarithimu, na pH, kile kipimo cha uasidi, yote ni logi. Kuna grafu ya mstari mnyoofu, mteremko wake na pale unapokata mhimili. Kuna takwimu, kuna kutofautisha na kujumlisha kwa kalkulasi. Hizo ndizo zana za biokemia za kila siku. Mwaka 1913, Leonor Michaelis na Maud Menten walichapisha kule Ujerumani mlinganyo unaoeleza kasi ya kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kadiri unavyokiongezea chakula chake. Wao walikuwa wakipima kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Maud Menten alikuwa mwanamke, daktari kutoka Kanada, na wasichana wangu wa Kidato cha Tano huwa nawatajia jina hilo kabla sijawatajia mlinganyo. Mwanafunzi yeyote wa biokemia duniani anakutana na mlinganyo huo mwaka wa kwanza au wa pili. Aliyeikimbia BAM anauona kama maandishi ya jini.

Binti alipata sapu mbili mwaka ule, yaani mitihani ya kurudia. Moja ilikuwa ya kemia ya hesabu na nyingine ya takwimu. Baiolojia aliyodhani ndiyo kozi yenyewe ilimpa B. Alikuwa hatua moja kutoka kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na baba yake alishaanza kusema, "Si nilisema?" Likizo ile hakwenda kwao, alikuja kwangu Newala. Tulikaa wiki sita. Asubuhi alifanya maswali ya kuzimua: una myeyusho wa nguvu fulani, unataka lita moja ya nguvu nyingine, unachukua kiasi gani? Jioni nilimpa bomba la sindano dogo lisilo na sindano, la mililita 1, na mizani ya shule. Alikuwa anavuta maji ya mililita 0.1, anayadondosha kwenye sahani, anapima. Maji ya mililita 0.1 yana uzito wa gramu 0.1, kwa hiyo mizani yenyewe ndiyo iliyokuwa mwalimu, ikimwambia papo hapo kama kidole kimezidisha. Siku za mwanzo namba zilikuwa zinaruka huku na huko. Wiki ya nne zilikuwa zimetulia. Septemba akarudi chuoni, sapu zote mbili akazifuta.

Sasa swali la kwanza la mzazi, ambalo nimelichelewesha makusudi: biokemia ni kitu gani?

Kwa kifupi ni elimu ya kemia inayotendeka ndani ya viumbe hai, na kwa sisi watu wa Mtwara mfano wake uko kwenye kinu. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, na katika seli ileile, chumba cha pili, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiutwanga au kuukwangua, kuta zinapasuka, vinakutana, na linamarini inavunjika hadi kutoa gesi ya sianidi, ambayo ni sumu. Gesi ikipata nafasi ya kuondoka kabla ya kuliwa, unga unakuwa salama. Huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde maji ni ya kuhangaikia, kuloweka ni anasa, kwa hiyo watu humenya muhogo na kuuanika juani uwe makopa. Shida ni kwamba muhogo mzima ukikauka haraka, seli nyingi hazipasuki na kimeng'enya hakipati maji ya kufanyia kazi. Sumu inabaki ndani, na mwaka wa ukame muhogo huwa nayo zaidi.

Mwaka 1985 kule Tarime, na tena mwaka 2002 na 2003 hapa mkoani kwetu, watu walipata konzo. Miguu inakakamaa ghafla na haiponi, na wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Nilimjua msichana mmoja wa namna hiyo. Alilala mzima, asubuhi akashindwa kusimama kwenda kuchota maji. Watu walitaja uchawi. Miaka mingi baadaye nilielewa maelezo yake: mwili una kimeng'enya chake cha kuigeuza sianidi iwe kitu cha kukojolewa, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, yaani samaki, mayai, maharage. Nyumba iliyokula muhogo mtupu kwa wiki kadhaa haikuwa nayo. Msichana yule hakurogwa na mtu. Alikosa kitoweo.

Dawa ya nyumbani iliyopatikana ni rahisi mno, na imetoka kwa watu waliosoma vimeng'enya. Unga wa makopa unauchanganya na maji, unautandaza ukiwa na unene usiozidi sentimita 1, unauacha kwa muda wa saa 5 kivulini au saa 2 juani. Maji yanakiamsha kimeng'enya kilicholala ndani ya unga, kinamaliza kazi yake, gesi inaruka, jioni unasonga ugali. Mzazi wangu wa Masasi, hiyo ndiyo biokemia. Daktari anampokea mgonjwa wa konzo akiwa ameshapooza, na kwa masikitiko hana cha kumrudishia. Mwanabiokemia anaweza kufika kabla ya ugali kuiva.

Binti yetu alipofika mwaka wa tatu alitakiwa kufanya utafiti mdogo wa kuhitimu. Akaniomba nimtumie unga wa nyumba tatu za jirani na wa bibi yake. Kipimo chenyewe ni karatasi ya njano iliyolowekwa kemikali iitwayo pikrati: unaweka unga kidogo kwenye kichupa pamoja na maji na kimeng'enya, unaning'iniza karatasi juu, unafunga kizibo, unalala. Kesho yake karatasi ikiwa imebaki njano, unga ni salama. Ikiwa imekuwa hudhurungi, sianidi ipo, na kadiri ilivyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Kisha unaipima rangi kwa mashine na kuchora mstari mnyoofu, uleule wa BAM. Alinitumia picha ya vichupa vinne vimesimama kwenye kibao. Cha bibi yake ndicho kilichokuwa cheusi kuliko vyote. Likizo iliyofuata alikuja mwenyewe akamwekea bibi alama ndani ya beseni kwa rangi ya kucha, unga uishie hapa na maji yaufikishe hapa. Bibi anafanya hivyo mpaka leo, na anawafundisha wengine kisimani.

Sitawadanganya wazazi kuhusu ajira. Shahada hii haikupi koti jeupe na kituo cha kazi siku ya mahafali, na wapo wahitimu wanaosubiri. Lakini kazi yenyewe ipo nchini na ni ya lazima. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Wa kuipima ni hawa. Vinasaba vinavyopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009, vinasomwa na watu wa fani hii. Selimundu, inayotesa watoto wengi katika nchi yetu, chanzo chake ni kubadilika kwa asidi amino moja tu, yaani pingili moja ya protini, ya sita katika mnyororo mmoja wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Aliyeligundua badiliko hilo Cambridge katika miaka ya 1950, Vernon Ingram, hakuwa daktari wa wodini. Alikuwa mwanabiokemia mwenye karatasi ya kuchujia na umeme.

Kwa walimu wakuu wa shule zenye tahasusi za sayansi nina ombi. Fungueni maabara Kidato cha Tano. Najua kemikali ni ghali, mimi ndiye ninayeandika orodha. Lakini si kila zoezi linahitaji kemikali ya bei. Ute wa yai, magadi ya sabuni kwa tahadhari, na mrututu kidogo sana uliozimuliwa: mwanafunzi anadondosha tone baada ya tone, mwanzo buluu, halafu ghafla chini ndani ya bomba la majaribio inaanza zambarau, inapanda. Ameiona protini kwa macho yake. Trei moja ya mayai inatosha darasa zima, na mengine hubaki. Na BAM iwekwe asubuhi. Mwaka 2024 Serikali ilipoongeza tahasusi hadi 65, wazazi walikuja shuleni kuuliza ipi ina kazi. Wachache mno waliuliza mwongozo wa TCU unasemaje, na mwongozo huo ulipaswa kusomwa na mtoto akiwa anachagua tahasusi, si siku matokeo yametoka na kila mtu analia.

Kwa mzazi wa Masasi: ikiwa binti yako ana ufaulu mkuu wa Kemia na Baiolojia na pointi zinafika, aombe. Kagua majina kwenye cheti cha kuzaliwa yafanane na ya vyeti vya shule kabla hujagusa maombi ya mkopo, maana herufi moja humchelewesha mtoto. Usimwambie tena kwamba anapotezewa muda, hata kwa utani, hata akiwa chumba cha pili.

Na kabla chuo hakijafunguliwa, mlete Newala. Basi la asubuhi kutoka Masasi linafika mapema. Jumamosi maabara yetu huwa wazi kuanzia saa tatu, bomba la sindano la yule mwenzake bado ninalo kwenye droo, na mizani inafanya kazi.

Fundi Sanifu wa Maabara,
Newala, Mtwara.